Mwaka Tuliokosa Vijiko

Tulimzika Perpetua kwao Butiama, siku ya Alhamisi, pembeni ya migomba ya kaka yake. Nilitoka Bweri asubuhi na mapema, nikafika kabla ya jeneza, wakanipa kiti chini ya turubai kwa sababu ya magoti yangu. Kabla ya ibada mpwa wake alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mwalimu: alisomea uuguzi wapi, akapangiwa kituo gani, akahamia kipi, akastaafu lini. Nilikuwa namfuata kimoyomoyo kama mtu anayekagua orodha ya zamu. Alipofika kwenye kituo cha afya tulichofanya kazi pamoja, upande wa Mugeta katika wilaya ya Bunda, alisoma mstari mmoja tu, kisha akaruka miezi mitano na kuingia kituo kilichofuata. Hakuna aliyegutuka. Waombolezaji hawahesabu miezi. Mimi peke yangu katika watu wote wale nilijua Perpetua alikuwa wapi miezi ile mitano, na nilijua kwamba aliyempeleka huko ni mimi.

Nilifika kituoni hapo mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, cheti kipya na sanduku la bati. Kituo chenyewe kilikuwa jengo moja refu lenye wodi mbili, chumba cha kuzalishia na chumba cha dawa. Nyumba ya wauguzi ilikuwa nyuma yake, karibu sana na mashamba ya pamba, kiasi kwamba pamba ikipasuka nyuzi zake ziliingia mpaka kwenye sufuria ya maharage. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya chuma. Cha dirishani kilikuwa cha Perpetua. Alinizidi miaka minne na kimo cha kichwa kizima, na usiku wangu wa kwanza alinipikia ugali wa muhogo na mtama kwa furu wakavu, visamaki vya ziwani, akakaa akinitazama nikila. "Kula, Sabina," aliniambia. "Hapa ukikonda watu wanasemaga kituo hakina dawa." Chai tulikunywa ya rangi, na badala ya sukari tulilamba kipande cha sukari guru tukakirudisha kwenye kopo. Shuka tulifulia majani ya mpapai. Nilikuwa mgeni kabisa mahali pale, lugha za kwao zilinipita masikioni, lakini nikiwa na Perpetua chumbani sikuujua upweke. Nalisema hili mapema kwa sababu nilichopoteza baadaye ndicho hicho.

Sasa nieleze habari ya vijiko, taratibu, maana asiye muuguzi anaweza kuiona ni mchezo. Dawa za watoto nyingi zilikuwa za maji, na dawa ya maji hupimwa kwa kijiko. Kituo kilikuwa na vijiko vyake. Lakini ule ulikuwa mwaka ambao dukani hupati sabuni, hupati kiberiti, hupati kijiko. Mama akikaa na mtoto wodini siku nne, akilishia uji kwa kijiko cha kituo, siku ya kuondoka kijiko nacho kilifungwa kwenye kanga pamoja na vitu vingine. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu leo. Ilipofika mvua za vuli tulikuwa hatuna hata kimoja. Tabibu wetu, Bwana Maiga, mzee mpole aliyekuwa mkuu wa kituo, alipouliza vimekwenda wapi, Perpetua alimjibu, "Vimeolewa, daktari. Vyote. Na mahari hatujaletewa." Bwana Maiga alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema yale ambayo vituo vingi vilikuwa vikifanya: tupime dawa za kunywa kwa bomba la sindano, yaani sirinji. Tulikuwa na sirinji za kioo, zile za kuchemshwa na kutumiwa tena. Unavuta dawa kwenye chupa, unatoa sindano, unamtilia mtoto mdomoni polepole pembeni mwa shavu. Kanuni ilikuwa moja, na Bwana Maiga aliirudia kila asubuhi kwa wiki nzima: dawa ya kunywa ikishavutwa, sindano itoke hapo hapo. Sirinji isiyo na sindano ni ya mdomo. Yenye sindano ni ya kuchoma.

Kanuni hiyo ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe nimeieleza mara nyingi kiasi kwamba naweza kuieleza nikiwa usingizini. Mdomo una walinzi. Dawa ikiwa chungu mtoto huitema. Ikifika tumboni ikikataliwa hutapikwa. Ikipita hapo huingia mwilini kidogo kidogo, na ini huichuja njiani. Kwa hiyo dawa ya kunywa hutengenezwa kwa kuamini walinzi hao: hutiwa sukari, rangi, vitu vya kuifanya iwe nzito. Mshipa hauna mlinzi. Ukitia kitu mshipani, kwa pumzi chache tu kiko moyoni na kwenye mapafu, na hakuna mkono utakaokirudisha. Ndiyo maana dawa mbili zinaweza kuwa na kazi moja, hata jina moja, na bado moja iwe ya mdomo tu na nyingine ya mshipa tu. Nililijua hili tangu chuoni. Niliandika kwenye mtihani nikapata alama zote.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Wodini alikuwepo mtoto wa kike wa miaka mitatu, Bhoke, mwenye kichomi. Alikuwa na dripu mkononi, na kila baada ya saa sita tulimchoma penisilini kupitia kimpira cha dripu. Alikuwa pia anapewa dawa ya maji ya homa, ya kunywa, isiyo na rangi, tamu. Nilivuta dawa ya homa kwenye sirinji. Nilitaka kutoa sindano, nikaona nzi. Nzi wa msimu wa pamba ni wengi, na ile dawa ilikuwa na sukari. Ukiiacha sirinji wazi dakika moja wanatua kwenye ncha. Nikaona sindano itaifunika ile ncha hadi nifike kitandani. Hatua kumi na tano tu. Nikaiweka kwenye trei kando ya kitanda cha Bhoke. Mama yake alikuwa akimpepea. "Sista, jana alikuwaga anacheza na kidole changu," alisema. "Leo hachezi." Nikamwambia homa ikishuka atacheza tena. Hapo nikaitwa chumba cha kuzalishia: mama mmoja alikuwa amefika akiwa tayari anasukuma. Nikaondoka mbio. Mlangoni nikapishana na Perpetua anayeingia zamu, nikamwambia bila kusimama, "Dawa ya Bhoke iko kwenye trei, malizia."

Tazama alivyoyaona yeye. Ilikuwa saa ya penisilini. Kwenye trei kulikuwa na sirinji moja imejaa maji yasiyo na rangi, na ina sindano. Kanuni ya kituo ilisema yenye sindano ni ya kuchoma. Akaidunga kwenye kimpira cha dripu, akasukuma. Baadaye alisema iligoma, ilikuwa nzito mkononi, akadhani sindano imeziba, akasukuma zaidi. Nusu ilikuwa imeshaingia alipoiona chupa ya penisilini dirishani haijaguswa.

Mimi nilisikia sauti ya mama Bhoke kutoka chumba cha pili, nikiwa nimeshika kichwa cha mtoto mwingine anayezaliwa. Sikuweza kuondoka. Nilisikia Bwana Maiga akisema, "Funga dripu. Itoe. Mgeuze ubavu." Nilisikia meno ya mtoto yakigongana, au labda ilikuwa trei. Nilipomaliza na kufika, Bhoke alikuwa na rangi ya majivu, anatetemeka, midomo imekuwa ya bluu, anavuta pumzi fupi fupi kama mtu anayehesabu. Perpetua alikuwa amepiga magoti, mkono wake kwenye kifua cha mtoto. Hakuinua macho. Siku mbili alikaa pale, akitoka tu kwenda chooni, akimfuta, akimgeuza, akimwita jina. Siku ya tatu homa ilishuka. Siku ya nne Bhoke aliomba uji. Hakuna atakayeweza kukueleza kwa nini huyu alipona, maana wapo ambao hawakupona.

Aliyekuja kuuliza maswali alitoka Musoma, muuguzi wa cheo kikubwa, mama mwenye suti ya kaki na kalamu mbili mfukoni. Alitukalisha mimi na Perpetua kwenye benchi la chumba cha dawa, Bwana Maiga amesimama. Aliuliza kwa upole, na ule upole nadhani ndio ulionitisha. Akamwuliza Perpetua, "Sirinji ulipoichukua ilikuwa na sindano?"

"Ilikuwa nayo, mama."

Akanigeukia. "Na wewe uliyevuta dawa. Uliiacha na sindano?"

Nimeishi na dakika ile muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume wangu. Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi, miezi sita tu. Nilifikiri juu ya kurudishwa nyumbani. Nilifikiri pia kwamba Perpetua alikuwa mzoefu na watamsamehe. Mtu anayejiandaa kusema uongo hupata sababu nyingi kwa haraka. Nikasema, "Hapana, mama. Niliitoa, kama kawaida yetu."

Uone uongo huo ulifanya nini. Kama sindano niliitoa, basi Perpetua alichukua sirinji ya mdomo, akatafuta sindano, akaifunga mwenyewe, akachoma. Kosa la watu wawili likawa la mtu mmoja, na likawa kubwa kuliko lilivyokuwa. Perpetua alipewa karatasi, akaandika maelezo yake. Hakunitazama. Wiki iliyofuata ilikuja barua ya kumsimamisha kazi, na akapanda lori la pamba kwenda Bunda, kisha kwao Butiama. Godoro na sufuria zake aliziacha. Alisema hawezi kufika nyumbani na godoro, mama yake atauliza.

Ikaanza ile miezi mitano. Ningependa kukwambia niliteseka kwa namna inayoonekana, lakini nilikula, nililala, nilikwenda zamu. Upweke wangu ulikuwa wa aina nyingine: watu walikuwa wema kwangu. Bwana Maiga alinisifu mbele ya wahudumu kwa kufuata kanuni. Mhudumu wa usafi, mama mtu mzima aliyempenda sana Perpetua, alianza kuniletea mboga. Jioni niliketi kitandani na sahani mapajani, nikitazama kitanda cha dirishani, godoro limekunjwa, pamba zimetua juu yake. Hakukuwa na mtu wa kumwambia neno lolote la kweli, kwa sababu kila neno la kweli lingeanzia pale pale. Nilijifunza kwamba unaweza kuishi na watu wanaokupenda na usiwe na mtu, ikiwa wanayempenda si wewe. Siku moja nikipita nyuma ya jiko niliwasikia akina mama wa wodini wakizungumza. Mmoja alisema, "Yule mrefu ndiye aliyetaka kuua mtoto." Mwingine akasema, "Alikuwa anachekaga sana. Mtu wa kucheka hivyo hana akili kazini." Nilisimama na ndoo yangu. Nikaendelea na safari ya kisimani.

Mwezi wa tano tangu Perpetua aondoke alikuja mama Bhoke. Alikuwa ametembea kutoka kwao na mtoto mgongoni, mzima, amenenepa mashavu, na chini ya kwapa ana kuku mwekundu. Alinikabidhi kuku kwa mikono miwili, akapiga goti. "Sista, mimi sina maneno," alisema. "Yule mwenzako alimtupa, wewe ukamwokota." Nikamwinua. Nikamwambia aliyemkesha mtoto wake siku mbili ni yule yule mrefu. "Najua alikesha," akanijibu. "Aliyevunja chungu si ndiye anayeokota vigae?" Bhoke alishika kidole changu akakivuta, akacheka. Yule kuku nilimfunga kwenye mguu wa meza, akalala pale siku mbili, nami sikuweza kumchinja wala kumgawa. Siku ya tatu nikamwacha kwa Bwana Maiga, nikaomba ruhusa ya siku nne.

Nilipanda lori la pamba mpaka Bunda, nikalala kwa watu wa kanisani, asubuhi nikapata gari lingine likanishusha Kiabakari, nikatembea. Perpetua nilimkuta juu ya mwamba nyuma ya nyumba yao, anaanika makopa ya muhogo. Alikuwa amekonda. Mama yake alinikaribisha kwa maziwa, akaniambia amefurahi kwamba kituo kimempa binti yake likizo ndefu namna hii. Nikaelewa kwamba hata hapa ukweli haujafika, na kwamba Perpetua naye alikuwa ana chumba chake cha upweke.

Nikapanda mwambani. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Shika ungo huu, tandaza upande ule."

Tukatandaza. Jua lilikuwa kali na mwamba ulichoma nyayo. Nilipomaliza safu ya kwanza nikasema, "Sindano niliiacha mimi. Nzi walikuwa wanaijia ile dawa."

"Najua."

"Na yule mama wa Musoma nilimdanganya."

"Najua, Sabina. Tulikaa benchi moja. Bega lako lilikuwa linanigusa." Aligeuza kopa moja, akaligeuza tena. "Na mimi nina langu. Dawa ilikuwa nzito, mkono ukaniambia, mimi nikausukuma mkono. Hilo nililiandika kwenye maelezo yangu. La kwako sijaliona limeandikwa."

"Nimekuja unigombeze."

"Nikugombeze ukalale vizuri?" Hakuwa na hasira, au hasira yake ilikuwa imeshaanikwa ikakauka. "Mimi si ofisi. Umetembea kutoka Kiabakari umekuja kusema kwa makopa. Makopa hayaandikagi barua."

Nilitarajia kulia, sikulia. Nilimaliza kutandaza. Chakula cha mchana nilikula na mama yake, ugali na mlenda, Perpetua akila upande wa pili wa ukuta; nilisikia kijiti chake kikichokoa sufuria. Kesho yake nilikuwa Musoma, kwenye benchi la ofisi ya yule mama mwenye kalamu mbili. Nilimweleza yote kwa mpangilio, kama nilivyoeleza hapa. Aliandika kurasa mbili. Mwisho akauliza, "Kwa nini leo, na si siku ile?"

Nikasema, "Siku ile niliogopa kufukuzwa. Leo nimeletewa kuku."

Hakuuliza kuku gani. Aliliandika jibu hilo.

Mimi nilipewa onyo la maandishi na majaribio yangu yakaongezwa mwaka mzima. Perpetua alirudishwa kazini, lakini kituo kingine, kando ya ziwa. Bwana Maiga alipopata barua hakunisema. Alikwenda chumba cha dawa, akatoa sirinji zote mezani, akasema kosa la kwanza lilikuwa lake: alitegemea kanuni ishike mahali ambapo kilitakiwa kizuizi. Tukakaa naye mchana mzima tukifikiri. Mhudumu wa usafi ndiye aliyetutatulia. Akasema kina mama wote wana vibuyu vidogo vya kunyweshea watoto maziwa. Kwa nini wasije navyo? Tukaanza hivyo. Kila mama alikuja na kibuyu chake, tukakipima kwa maji, tukakichonga alama ya kipimo kwa ncha ya kisu, tukakichemsha. Dawa ya kunywa haikugusa tena sirinji. Kibuyu hakina mahali pa kufunga sindano, hata ukiwa umechoka, hata ukiitwa mbio.

Perpetua alikuja kuchukua vitu vyake mchana mmoja wa mwezi wa saba. Nilikuwa nimepika sangara na wali wa kuomba kwa jirani. Alikula kidogo, kwa adabu, kama mgeni. Akafunga godoro kwa kamba, nikamshikia fundo. Nilikuwa nimepanga kumwomba msamaha kwa maneno niliyoyaandaa, lakini alinitangulia.

"Wapya wawili wanakuja mwezi ujao," alisema. "Utawafundisha wewe, mimi sipo. Usiwaambie habari za muuguzi mmoja. Wanasemaga hivyo siku zote, 'kulikuwa na muuguzi mmoja.' Kila anayesikia anadhani ni mtu mwingine."

Nje dereva wa lori akapiga honi. Perpetua akapanda, akakaa juu ya godoro lake, akaninyooshea mkono nikampa sufuria. Tulikutana tena mara nyingi katika miaka iliyofuata, kwenye semina, kwenye misiba. Tulisalimiana, tuliulizana watoto. Hatukuwahi kula pamoja tena, na sikuwahi kumwuliza kama amenisamehe, kwa sababu niliona swali lile lingekuwa la kunisaidia mimi.

Wale wapya walifika, msichana na mvulana, sare zao bado zina mikunjo ya sandukuni. Niliwasimamisha kwenye meza ya wodi, nikaweka sirinji ya kioo upande mmoja na kibuyu upande mwingine. Kitanda cha dirishani kilikuwa tupu wakati huo, na wiki nzima nilikuwa sijazungumza na mtu zaidi ya mambo ya kazi. Nikasema, "Mimi, Sabina, nilivuta dawa ya kunywa kwa sirinji, nikaiacha na sindano, nikaondoka. Mwenzangu akamchoma mtoto. Nilipoulizwa, nikasema uongo."

Yule msichana alicheka kidogo, akidhani ninatania ili kuwachangamsha. Nikamsubiri amalize. Kisha nikaanza upya, polepole.